Difu ya gari la rimoti imekula meno? Usikimbilie kununua gia, tafuta kwanza kilichoisababishia

#1 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Uzi huu ni wa wenye magari ya rimoti, hasa ya 1/10 na 1/8 (yaani udogo wake ukilinganisha na gari halisi), ambao difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) zimewasumbua. Malalamiko ni yaleyale kila siku. Ukibonyeza trigi mota inalia ila gari linasuasua au halitoki kabisa, kuna mlio wa kra-kra-kra mbele au nyuma, unafungua unakuta krauni (gia kubwa ya difu) imenyofoka meno. Mtu anaagiza krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) mpya anafunga, anakimbiza kidogo tu, meno yameliwa tena palepale. Anaamua gia zilikuwa feki, anahamia za chuma kigumu zaidi, na zenyewe zinakwenda na maji.

Msimamo wangu ni huu na nitautetea mpaka mwisho wa uzi: gia iliyoliwa meno mara nyingi ndo iliyoumizwa tu. Aliyeiumiza ni kitu kilichoipa nafasi ya kusogea mbali na mwenzake, iwe beringi iliyokufa, nyumba ya plastiki (boksi linaloibeba difu) iliyopanuka, skrubu iliyolegea, au nafasi ambayo toka mwanzo ilikuwa haijazibwa kwa shimu (vile viwasha vyembamba vya kujazia). Usipompata huyo utabadilisha gia mpaka uchoke.

Anza kwa kuthibitisha kama ni difu kweli, maana mlio wa kra-kra unaweza pia kutoka kwenye gia ndogo ya mota inapokutana na spa (gia kubwa inayozungushwa na mota), au slipa klachi (klachi inayoteleza kupunguza kishindo) iliyolegea, au kikombe cha shafti kilicholika mpaka mfupa (shafti inayokwenda kwenye tairi) unaruka. Toa betri kabisa. Nyanyua gari matairi yawe hewani. Shika propela shafti inayoingia kwenye ekseli unayoishuku isizunguke, halafu zungusha tairi moja kwa mkono: tairi la upande wa pili linatakiwa lizunguke kinyume, taratibu, bila kuruka. Kama tairi la pili limetulia tu, fuatilia shafti na vikombe kwanza. Sasa geuza kipimo, shika matairi yote mawili ya ekseli hiyo kwa nguvu na mwenzako ajaribu kuzungusha propela. Kama propela inazunguka huku inaruka kwa mlio basi kuna kitu kimekufa humo ndani.

Kitu gani? Chomoa difu nzima, shika vikombe vyake viwili vya pembeni visizunguke, jaribu kuzungusha krauni. Ikigoma, ndani pazima na ugonjwa uko kwenye krauni na pinioni. Ikizunguka au ikiruka, ugonjwa uko ndani ya kesi (kopo la difu lenyewe), kwenye spaida (gia ndogo za ndani) au pini inayozibeba. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na watu wengi wanakiruka, matokeo yake mtu ananunua krauni kumbe pini ndo imekatika.

Kabla ya kufungua safisha nje kwa brashi na spiriti, mchanga ukiingia kwenye beringi umeongeza kazi. Skrubu zikigoma usilazimishe na alenki iliyochoka, utazungusha kichwa chake. Kama skrubu imeingia kwenye chuma na ilipakwa gundi ya kufungia, ipashe kichwa kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya kwa muda mfupi, gundi italegea. Kwenye plastiki usifanye hivyo.

Sasa ukishafungua tulia, angalia meno kwa makini kabla hujatupa chochote, maana meno yenyewe yanakwambia kilichotokea:

Kama yameliwa kwenye ncha tu na shina la jino bado zima, gia zilikuwa zimekaa mbali na mwenzake, zinashikana kwa ncha. Kama yameliwa zaidi upande mmoja, labda nje tu au ndani tu, pinioni haikukaa mahali pake au krauni imekaa imepinda. Kama jino moja mawili yamekatika kabisa lakini mengine yote ni mazima na makali, hapo ni kishindo, gari limetua kutoka hewani mota ikiwa mwisho au jiwe limeingia. Na kama meno yote yameisha sawasawa mpaka yamekuwa makali kama kisu, hiyo ni grisi haikuwepo au vumbi limeingia likachanganyika na grisi likawa msasa.

Halafu beringi. Zioshe, zikauke, zungusha kila moja kwa kidole, inatakiwa izunguke laini isikwaruze. Kisha isukume kushoto kulia, ikicheza sana itupe. Beringi za pinioni ndo za kuangaliwa zaidi kwa sababu pinioni inasukumwa kwa nguvu kurudi nyuma kila unapobonyeza mafuta, na beringi ikishachoka hata nusu milimita tu, pinioni inarudi na meno yanabaki yanashikana kwa ncha. Angalia pia mahali beringi inapokaa kwenye nyumba. Ikiwa beringi mpya inaingia imelegea na unaweza kuizungusha yote kwa nje, nyumba imepanuka, badilisha nyumba. Najua inauma kubadilisha kitu ambacho kwa macho ni kizima, lakini hapo hakuna shimu itakayokuokoa.

Krauni na pinioni zibadilishwe pamoja siku zote. Gia mpya ikikutana na gia iliyolika italika kwa umbo la ile mbovu.

Kupanga shimu nitaandika post inayofuata, hii imekuwa ndefu.

#2

Mkuu umetisha, mimi ya kwangu ni hiyo ya kipimo cha vikombe, nikishika vikombe krauni inazunguka inaruka. Nimefungua kesi nimekuta oili nyeusi ina chenga zinazong'aa, spaida mbili meno yamekwisha na pini imelika katikati. Ni bagi (gari la mbio za vumbi) ya 1/8 ya umeme, difu ya nyuma. Hiyo nayo ina sababu yake au ni uchakavu tu? Na je nikibadilisha spaida peke yake inatosha?

#3 (mleta uzi)

Kiongozi usibadilishe spaida peke yake. Badilisha spaida, gia kubwa za pembeni na pini kwa pamoja, zinauzwa kama seti kwenye magari mengi, ni sababu ileile ya krauni na pinioni. Na angalia matundu ya pini kwenye kesi, yakiwa yamekuwa mviringo mrefu badala ya duara basi pini mpya itacheza na itakula spaida mpya, kesi nayo iende.

Chenga zinazong'aa ni chuma kimesagwa. Osha kila kitu mpaka kwenye kona, pamoja na beringi za difu maana oili ikivuja na chenga zake inaingia humo. Tumia spiriti kwenye plastiki. Ile dawa kali ya kusafishia breki ibaki kwenye vyuma tu, plastiki nyingine zinapasuka nayo.

Sababu ya spaida kuisha naomba mwenye uzoefu wa oili aingie hapa.

#4

Naingia mkuu. Aliyeuliza hapo #2, fikiria hivi: difu inafanya wastani. Mzunguko wa kesi siku zote ni wastani wa matairi mawili. Ukienda moja kwa moja matairi yote na kesi vinakwenda pamoja, spaida hazizunguki kabisa kwenye pini, zimekaa tu zinasukuma. Tairi moja likisimama na jingine likawa hewani, lile la hewani linazunguka mara 2 ya kesi na spaida zinazunguka kwenye pini kwa kasi kubwa sana. Kwenye gari la brashlesi (mota isiyo na brashi) na betri ya seli 3 au 4 hiyo kasi inatisha, oili inachemka, inakuwa nyepesi, inavuja kwenye oringi, na ikishavuja spaida zinazunguka kwenye pini kavu. Ndo maana unakuta pini imelika.

Kwa hiyo spaida zikiisha maswali ni mawili, oili ilikuwepo? Na ilikuwa nzito kiasi gani? Mi naona magari mengi yanafika na oili kidogo sana ndani au grisi tu, na mwenye gari hajawahi kufungua toka alinunue.

Uzito wa oili ya silikoni ya difu unaandikwa kwa cSt (sentistoki, kipimo cha uzito wa kimiminika), namba ikipanda oili inazidi kuwa nzito. Bagi za 1/8 wengi huanzia mbele 5,000 mpaka 7,000, kati (difu inayogawa nguvu mbele na nyuma) 7,000 mpaka 10,000, nyuma 3,000 mpaka 5,000, halafu unarekebisha kulingana na unapokimbizia. Nyuma nzito kuliko inavyotakiwa gari linateleza mkia kwenye kona, mbele nzito linavuta vizuri ukiwa unabonyeza ila linaanza kugoma kuingia kona. Ya kati ukiwa na nyepesi mno utaona matairi ya mbele yanavimba hewani ukibonyeza mafuta ghafla, maana nguvu yote imekimbilia mbele ambako kuna wepesi. Hapo ujue hata difu ya mbele inateswa.

Usichanganye cSt na ile namba ya wt inayoandikwa kwenye oili za shokomzoba, hazilingani.

#5 (mleta uzi)

Asante sana mkuu #4, hiyo ya matairi ya mbele kuvimba watu wanaiona kila siku wanadhani ni nguvu ya mota.

Niongezee kwenye kujaza. Weka gia za chini, pini na spaida, mimina oili mpaka ifunike pini na spaida ila usijaze mpaka ukingoni, oili ikipata joto inapanuka na isipopata nafasi itatafuta njia kwenye oringi. Zungusha gia taratibu kwa mkono, acha isimame mapovu yapande. Oili ya 3,000 mapovu yanatoka haraka, ya 100,000 iache hata usiku mzima. Ukitaka difu ziwe sawa kila mara unapofungua, pima kesi kwenye mizani ndogo kabla na baada ya kuweka oili, jicho linadanganya.

Oringi mpya kila unapofungua, zipake grisi ya silikoni kidogo, hasa kama ni oringi za silikoni maana grisi ya kawaida ya petroli huzivimbisha. Gasketi ya karatasi ikichanika weka mpya. Skrubu za kesi, mara nyingi 4, zikaze kwa kupishanisha, moja halafu ya mkabala wake, kidogokidogo mpaka zote ziguse ndo umalizie. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, krauni itakaa imepinda na hapo umeanza upya safari ya kula meno. Na gundi ya kufungia nati usiipake kwenye skrubu inayoingia kwenye plastiki, inafanya plastiki iwe na nyufa.

Haya shimu sasa, hapa ndo moyo wa uzi.

Pinioni kwanza. Funga beringi mpya, ishike pinioni uivute na kuisukuma mbele na nyuma. Ikicheza, weka shimu nyuma ya pinioni, kati yake na beringi, mpaka mchezo uishe lakini bado izunguke laini. Shimu za kawaida ni za 0.1 na 0.2 mm, anza na ya 0.1. Usiache mchezo hapa eti utaufidia kwenye krauni. Hutaweza.

Halafu krauni. Weka difu kwenye nyumba bila grisi, funga kava na skrubu zake zote kabisa maana nyumba isipofungwa vizuri vipimo vyote ni vya uongo. Sukuma difu kushoto kulia. Inacheza? Ongeza shimu. Upande gani, hapo ndo watu wanakosea: shimu ikiwekwa upande wa mgongo wa krauni, kati ya beringi na kesi, inaisogeza krauni kwenda kwenye pinioni. Ikiwekwa upande wa pili inaitoa. Kwa hiyo kama gia zimeshikana kwa ncha, ongeza mgongoni. Kama difu ikibana, hamisha moja kutoka mgongoni kwenda upande wa pili.

Utajuaje imekaa? Shika krauni isiende, tikisa pinioni, unatakiwa usikie plei ndogo sana kwenye vidole, karibu haipo lakini ipo. Kisha zungusha pinioni mpaka krauni imalize mzunguko mzima, tena zaidi ya mmoja, maana krauni ikiwa imepinda kidogo itabana upande mmoja na kulegea mwingine. Krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10 kwa mfano, pinioni inazunguka mara 4.3 kwa mzunguko mmoja wa krauni, ukizungusha pinioni mara moja ukaridhika hujaangalia hata robo ya meno. Weka shimu kwa mahali panapobana zaidi.

Wenye subira wapake wino wa maka peni kwenye meno machache ya krauni, wazungushe mbele na nyuma huku wameizuia kidogo, halafu wafungue waone wino umefutika wapi. Katikati ya jino, safi. Kwenye ncha tu, sogeza karibu. Kwenye shina, umesogeza mno.

Ikishakuwa sawa fungua, paka grisi nzito inayonata kwenye krauni na pinioni, ijae kwenye meno, funga.

#6

Mkuu mbona unapita mbali hivyo, mimi nshauri mtu aifunge difu kabisa, unajaza gundi ya moto au ile oili nzito kama ubani, spaida hazizunguki tena, hakuna cha kuisha. Difu ya nyuma ya gari langu la kupanda mawe iko hivyo na haijawahi kunisumbua.

#7 (mleta uzi)

Kwa gari la kupanda mawe sikupingi hata kidogo mkuu, kule kasi ni ndogo na unataka tairi zote mbili zisukume hata moja ikiwa hewani. Magari mengi ya aina hiyo yanafungwa difu toka kiwandani. Lakini aliyeuliza ana bagi. Bagi kwenye kona tairi la nje linasafiri umbali mrefu kuliko la ndani, ukifunga difu lazima moja liteleze, na pale penye lami au ardhi inayoshika haliwezi kuteleza, kwa hiyo nguvu inaenda kujikunja kwenye shafti, vikombe na hiyohiyo krauni na pinioni. Umeokoa spaida ukaumiza meno makubwa. Mbele ndo usiguse kabisa, gari halitaki kukata kona. Ukitaka ukaribie kufunga, panda na oili, nyuma 10,000 au 20,000, uone kama inakutosha.

Na gundi ya moto ikishaingia kwenye beringi hutaitoa. Ukiamua, bora oili nzito ile ya 500,000 ambayo siku ukibadili mawazo unaosha.

#8

Wakuu nisaidieni. Nimefuata kila kitu, beringi mpya, shimu, difu ya mbele imetulia kabisa, ila nikiweka betri matairi ya mbele yanarudi nyuma na ya nyuma yanakwenda mbele, gari linatetemeka palepale. Waya wa mota sijagusa.

#9 (mleta uzi)

Toa betri sasa hivi usijaribu tena, zile ekseli mbili zinapigana na kitakachokatika ni meno mapya uliyoweka. Difu ya mbele umeirudisha krauni ikiwa upande wa kulia badala ya kushoto au kinyume chake. Krauni ikihama upande wa pinioni, matairi yanabadilisha mwelekeo. Chomoa, geuza difu kushoto kulia, na ukigeuza hamisha na shimu zako zifuate mgongo wa krauni maana mpangilio wa pande nao umebadilika. Ukimaliza zungusha spa kwa mkono uone matairi yote manne yanakwenda upande mmoja ndo uweke betri.

Wengine: kabla ya kuchomoa difu, weka alama ya wino kwenye kava upande ambao krauni ilikuwepo.

#10

Na sie wa difu za gololi je? Gari langu ni la 1/10 tairi mbili za nyuma. Halina krauni wala spaida, ila likiondoka linalia kama linabweka na ukizungusha kwa mkono linakwaruza.

#11 (yule wa #4)

Hiyo kubweka ni difu inateleza mkuu. Kwenye difu ya gololi nguvu inapita kwa msuguano wa gololi kati ya sahani mbili, ikilegea gololi zinateleza na kuchimba sahani, ndo huo ukwaruzo. Fungua, sahani zikiwa na mfereji mwembamba tu unaweza kuzigeuza upande wa pili ambao haujatumika, zikiwa zimechimbika zaidi nunua mpya na gololi mpya, gololi za kabaidi zinadumu kuliko za chuma cha kawaida. Gololi kubwa zinataka grisi ya silikoni ya difu na kidogo tu, beringi ile ndogo ya kusukumia kwenye skrubu ndo inataka grisi nyeusi. Usizichanganye, ile nyeusi inateleza mno ikiingia kwenye sahani.

Kukaza: zungusha difu kwa mkono huku unakaza skrubu polepole ili gololi zikae, kaza mpaka usikie springi imebana mwisho, halafu rudisha kama moja ya nane ya mzunguko. Shika vikombe viwili, jaribu kuzungusha gia ya katikati kwa dole gumba. Haitakiwi iteleze. Kisha hakikisha slipa klachi inateleza kabla ya difu, siyo baada yake, kwa sababu slipa imeumbwa iteleze na difu ya gololi haikuumbwa hivyo.

#12

Mimi wa #2 nimerudi. Nimeweka seti mpya ya spaida na pini, oili 5,000, oringi mpya. Wakati naikagua nikafuata ule ushauri wa kushika pinioni nikaitikisa, inacheza mbele nyuma wakati meno yake hayajaliwa bado. Beringi ya nje ya pinioni imekwisha, inakwaruza. Nisingeangalia kabisa huko maana mlio ulikuwa wa spaida. Swali la mwisho mkuu, baada ya kufunga niikimbize vipi?

#13 (mleta uzi)

Safi sana mkuu, hiyo beringi ingekula krauni yako ndani ya muda mfupi.

Betri ya kwanza kimbiza nusu mafuta, ardhi tambarare, usiruke. Usibonyeze breki ukaunganisha na rivasi gari likiwa bado linakwenda, na ukianza kuruka jifunze kuachia trigi kabla ya kutua, maana tairi likigusa chini likiwa linazunguka kasi yote linasimamishwa ghafla na kile kishindo kinaishia kwenye yale meno mawili matatu yaliyoshikana wakati huo. Slipa ikaze kiasi kwamba ukiondoka kwa nguvu isikike ikiteleza kidogo, futi chache tu, kisha ishike.

Betri ikiisha gusa nyumba ya difu, uvuguvugu ni kawaida, ikiwa huwezi kuweka kidole basi shimu zimebana, punguza ya 0.1 mgongoni. Angalia kama kuna oili imetoka kwenye vikombe. Shika pinioni uitikise tena, na kama imetulia vilevile ulivyoiacha, skrubu za kava zikaze mara moja zaidi na endelea na betri ya pili.